Umeme Usiofika Nyuma

Gari likifa moja kwa moja, mimi halinisumbui. Kilichokufa kina sababu, na sababu hutafutwa ikapatikana. Linalonitoa roho ni gari linalowaka leo, likakataa kesho, likawaka tena kesho kutwa kana kwamba halijafanya neno. Nami tangu hapo si mtu wa kukaa kitako. Marehemu mama alikuwa akinilalamikia kwamba nakula nimeegemea mlango, mguu mmoja ndani, mmoja nje. Gari la babangu lilipoanza vituko vyake, hata mlango niliuacha. Nikawa nakula nikizunguka uani na sahani mkononi.

Ni gari la spoti la zamani, la Kijapani, la milango miwili, na liko chini hata ukikaa ndani unatazamana na magurudumu ya malori. Taa zake za mbele zimelala ndani ya boneti. Ukiziwasha zinainuka, na watoto wa mtaa wetu, Shika Adabu, mpaka leo husimama njiani kungoja ziinuke. Lilikuwa jekundu. Jua na chumvi vimelifanya rangi ya matofali. Babangu alilipata bovu kutoka kwa mwenye hoteli mmoja aliyekuwa akihama, akalifufua mwenyewe, kwani kazi yake maisha yote ilikuwa umeme wa magari. Kaka yangu hakupenda grisi, kwa hiyo aliyemshikia taa ni mimi. Nilipokua nikaingia kwenye ufundi wa friji hapo Likoni. Watu hushangaa kumwona mwanamke na spana, lakini umeme ni ule ule na wala hauulizi.

Sasa babangu ana maradhi ya kusahau. Alianza kwa kupoteza majina ya watu wa msikitini, kisha majina ya mitaa, kisha akanifikia mimi. Nyumbani huniita bibie. "Ahsante kwa chai, bibie, Mungu akuzidishie," kwa adabu zote, kama anayemshukuru mke wa jirani. Mara ya kwanza nilicheka, nikidhani ananitania. Siku hizi najibu tu kwamba si neno, mzee, karibu.

Isipokuwa ndani ya gari. Kila asubuhi, kabla sijafungua duka langu la friji, nilikuwa nikimpandisha kiti cha abiria, tunashika barabara mpaka Ng'ombeni, tunageuka tunarudi. Nikishashika gia tu, uso wake hubadilika.

"Mwanangu."

"Abee, baba."

"Punguza mguu."

Basi, hayo tu, pengine mara mbili au tatu njia nzima. Kwa hayo ningeendesha mpaka Lunga Lunga na kurudi. Ndilo jambo nililokuwa nikilipigania, na nalisema wazi: gari likifa, sina tena baba anayenijua.

Kaka yangu anakaa Changamwe. Yeye aliona mambo kwa njia nyingine. Mzee ahamie kwake, mkewe yuko nyumbani mchana kutwa wa kumwangalia, na gari lichukuliwe na wauza vyuma chakavu, maana siku moja litatuua. Kaka yangu si mtu mbaya, na hilo ndilo lililoniudhi. Ungeweza kumtukana mtu mbaya ukapumua. Yeye alisema maneno ya maana, tena kwa sauti ya chini, na mimi nikabaki kufungua na kufunga droo za jikoni bila kutafuta kitu.

Ugomvi ulianza siku gari lilipotuzimikia tukirudi Ng'ombeni. Lilikuwa linakwenda vizuri, injini ikakohoa mara moja, kimya. Nililiviringisha mpaka kando ya barabara. Babangu akashuka, akasimama pembeni, akaanza kuwapa mkono wa salamu madereva wa malori wanaopita kasi, kisha akanigeukia na kuniuliza kwa heshima kama namjua mwenye gari hili. Tulisubiri, nikajaribu tena, likawaka kama si lile. Lakini jirani alituona, na kabla hatujafika nyumbani kaka alikuwa ameshapiga simu. Tukakubaliana, yaani yeye alisema na mimi nikanyamaza: likikataa tena, Jumamosi analeta gari la kuvuta, na mzee anaondoka naye siku hiyo hiyo kwa barabara ya Dongo Kundu.

Nikavaa ovaroli yangu ya kazi, nikafunga kitambaa kichwani na kingine puani kwa sababu ya mvuke wa petroli, nikafungua boneti. Babangu alikuwa barazani, akiniangalia. Sikumtilia maanani. Nilikuwa na haraka zangu.

Gari kama hili petroli yake husukumwa na pampu ya umeme iliyo nyuma, ndani ya tangi. Ukifungua swichi, kabla hujapiga stata, pampu huvuma kidogo, halafu hunyamaza kungoja injini. Baba alinifunza kusikiliza mvumo huo kabla ya kugusa kitu chochote. Usiposikia, usihangaike na plagi, petroli haiji. Nilifungua swichi, injini ikiwa ya moto. Kimya. Nikaifikia rilei ya pampu, kile kidude cheusi kinachopitisha umeme wa kwenda nyuma, nikaigonga kwa mpini wa bisibisi. Pampu ikavuma. Niliivua, nikaifungua kifuniko, nikaona lehemu imepasuka ufa mwembamba kama unywele. Ikipata joto inaachana, ikipoa inashikana. Nikaichomea upya, nikairudisha, nikapiga vigelegele peke yangu. Mwanamke wa nyumba ya pili akachungulia kuuliza nani kaolewa.

Kesho yake tulikwenda Ng'ombeni tukarudi bila tatizo. Jioni, kwa roho yangu isiyotulia, nikarudi kulijaribu, niwe na hakika. Nikavaa ovaroli, nikafungua swichi. Kimya. Nikaigonga rilei. Kimya. Nikabadilisha fyuzi ambayo haikuungua. Kimya. Nililala na hasira. Asubuhi, nimevaa buibui langu la kwendea dukani, nikampandisha babangu bila matumaini, nikapiga stata mara mbili likakataa, nikaegemeza kichwa kwenye usukani nikisoma dua, nikajaribu mara ya tatu. Likawaka.

Ikawa ndiyo tabia yake. Nikiwa peke yangu na vyombo vyangu, gari halina umeme nyuma. Akipanda babangu, likijivuta kidogo, linawaka. Jirani yangu alishatoa hukumu.

"Gari hilo lina wivu, wallahi. Lamtaka mwenyewe."

Mimi siamini gari lina wivu. Ninaloamini ni waya uliolegea. Mita iliniambia umeme unatoka kwenye rilei, lakini kwenye pampu haufiki, kwa hiyo umekatika katikati, chini ya zulia. Nikasema sawa: uzito wa babangu kwenye kile kiti unabonyeza waya uliokatika, ncha zinagusana. Ilikuwa hoja nzuri sana. Niliipenda mpaka nikaisimulia kwa watu. Nikajaza mitungi ya maji, nikaipandisha kiti cha abiria, nikaifunga mkanda. Gari halikuwaka. Nikaongeza gunia la mchele juu yake. Fundi mmoja wa makamo kutoka bara, anayetengeneza pikipiki pale stendi, alipita akanikuta nafungua swichi mbele ya abiria huyo.

"Mathe, hiyo dinga imekuzidi," akaniambia, dinga kwao ni gari. "Pitisha waya mpya kutoka betri mpaka pampu, uachane nayo."

Alisema kweli, na ningeweza. Lakini waya wa namna hiyo hauna pa kukatikia. Siku mkigonga kitu, petroli inaendelea kusukumwa hata kama injini imezima. Na mimi abiria wangu ni mtu mmoja tu. Nikamwambia ashike njia yake.

Niling'oa kiti cha abiria. Nikafunua zulia lote la upande ule. Waya wa pampu niliuona ukitoka mbele, umezungushiwa utepe mweusi, ukiingia chini ya ile nundu ya katikati inayobeba gia, ukatokea tena nyuma mzima kabisa. Nundu yenyewe sikuifungua. Plastiki yake imekauka kwa jua, na baba alikuwa ameniapia zamani kwamba atakayeivunja hapati nyingine duniani. Msomaji wa Pwani atakuwa anauliza mbona sikufikiria swichi ya siri. Niliifikiria. Hapa kwetu kila mwenye gari la kutamanika huficha swichi inayokata pampu, ili mwizi apige stata mpaka achoke. Huwaambii wanao, humwambii mkeo. Kuna wajane walioachiwa magari mazima yasiyowaka. Ya baba niliijua, ilikuwa chini ya usukani, na ndiyo niliyoikagua mwanzo. Ilikuwa imeondolewa na nyaya zake zimeungwa vizuri kwa mkono wake. Nikarudisha zulia na kiti, nikasema basi, mzee aliachana na mambo hayo.

Siku zikasogea na mimi nikazidi kuchacha. Dukani niliunganisha kompresa ya mteja kinyume, ikapiga kelele, nikaipigia kelele na mimi. Nyumbani sikuweza kumaliza kikombe cha chai. Babangu, akiniona nazunguka, alisogea kando ya jamvi na kunionyesha pa kukaa. "Pumzika, bibie. Kazi haiishi." Nilikaa, nikainuka. Ijumaa kaka, jirani akiwa ameshampasha habari, akanitumia ujumbe kwamba gari la kuvuta limeshapatikana.

Ijumaa hiyo hiyo, tuliporudi Ng'ombeni, sikwenda dukani. Gari lilikuwa limetoka kuwaka, umeme unafika, na nikajiambia safari hii nitakuwa pale pale unapokatika. Nilimkalisha baba barazani, nikaingia ndani nikabadilisha nguo mbio, nikatoka. Nikaacha swichi wazi, nikaunganisha rilei kwa kipande cha waya ili pampu ivume mfululizo bila injini. Nikafungua buti, nikafunua zulia juu ya tangi, nikaibana taa ya kupimia kwenye waya wa pampu. Ikawaka. Nikalala kifudifudi, nusu yangu ndani ya buti, nusu nje, nikaanza kuvuta waya mmoja mmoja, kutikisa, kugonga bodi. Taa haikupepesa. Pampu ilivuma. Jasho lilikuwa likinidondoka puani na sikuthubutu kulifuta.

Mlango wa dereva ukafunguliwa. Gari likainama kidogo, mtu amekaa. Nikasikia mguso mdogo wa kitu cha chuma, taa ikazimika na pampu ikanyamaza.

Nilidhani kafunga swichi. Nikajitoa kwenye buti nikiwa na neno kali mdomoni, nikazunguka mpaka mlangoni. Ufunguo ulikuwa pale pale nilipouacha na taa za dashibodi zote zinawaka. Babangu amekaa nyuma ya usukani, mgongo umenyooka, na mkono wake wa kushoto ulikuwa unakirudisha mahali pake kile kisahani cha majivu ya sigara kilicho nyuma ya gia. Kwetu hakuna aliyewahi kuvuta sigara. Sikuwa nimekigusa maishani mwangu.

"Wafanyani hapo?" nikamwuliza.

Akanitazama. Hakuwa na hasira. Alinitazama kwa upole wa mtu aliyemfuma mwizi na kumwonea huruma.

"Fundi," akasema, "siku zote hizi nakutazama tu. Wafungua, wafunga, wafungua. Mimi nami nakukatia mafuta. Hata ukae hapa mpaka Idi, haliwaki."

"Kwa nini unalikata, mzee?"

"Kwa sababu si lako." Akaupapasa usukani. "Wala si langu. La mwanangu hili, namwekea."

Nikauliza mwanawe yupi, huku naogopa jibu.

"Binti yangu. Yuaja kila asubuhi. Akija yeye namfungulia, twenda zetu." Akanikagua kutoka kitambaa cha kichwani mpaka viatu. "Na usinune nikikwambia, kwa ufundi humfikii. Wewe wachokora tu. Yeye husikiza kwanza, ndipo ashike spana."

Nimetukanwa na wateja wa kila aina, na hakuna tusi lililonipata kama hilo. Wala sijasifiwa hivyo maishani, na baba hakuwa mtu wa kusifu. Nilitaka kucheka. Nililia, pale pale, nimeshika mlango wa gari na mikono ya grisi, na yeye akanipa leso yake kwa adabu na kuniambia nisivunjike moyo, ufundi hujifunzwa.

Niliingia ndani nikakaa sakafuni jikoni. Yote yakanijia kwa mpangilio. Rilei ilikuwa ndiyo ugonjwa, na niliuponya siku ya kwanza. Mengine yote niliyaanzisha mimi, siku nilipojifunika uso na kufungua boneti mbele ya mtu anayelinda mali ya mwanawe. Nikiwa na ovaroli, anakata. Nikija na buibui, tukishakaa, anakinyanyua kisahani kimya kimya na kunifungulia, wakati mimi nimeinamia usukani nikiomba dua.

Nikampigia kaka simu. Nikamweleza mwanzo mpaka mwisho. Nikasikia makontena yakishushwa nyuma yake kazini.

"Ikate hiyo swichi," akasema hatimaye. "Unga waya moja kwa moja, yaishe."

"Siikati."

"Kwa nini?"

"Ukiikata hana tena cha kunilindia."

Halafu kwa sauti ambayo sijaisikia tangu tulipokuwa watoto, akauliza, "Na mimi je? Mzee ananitaja?"

Nikamwambia anakutaja, kila mara, akiwa barazani peke yake. Haikuwa kweli na sijuti. Akasema basi gari la kuvuta atalirudisha, na kwamba Jumamosi atakuja hata hivyo, na mkewe, tule pamoja.

Nilioga, nikasugua kucha kwa sabuni ya unga mpaka zikauma, nikavaa buibui. Roho yangu ilikuwa bado inakwenda mbio. Najua itafika siku ambayo wala buibui wala gia havitatosha, atanitazama ndani ya gari lile lile na kumwona bibie tu, na siku hiyo sijui nitazunguka wapi. Nikatoka nje. Alikuwa ameshahamia kiti cha abiria, ananingoja. Asubuhi tulikwenda Ng'ombeni tukarudi, lakini hilo lilikuwa limeshamtoka.

"Shikamoo, baba."

"Marahaba, mwanangu. Wachelewa leo."

Nikakaa nyuma ya usukani. Akachungulia dirishani, akaangalia mlango wa ua, akaangalia nyuma, kisha akaushika mkono wangu wa kushoto na kuupeleka kwenye kile kisahani, akakinyanyua, akanigusisha kidole kwenye swichi ndogo iliyofichwa chini yake.

"Ibonyeze."

Nikaibonyeza. Nyuma yetu pampu ikavuma.

"Umesikia?"

"Nimesikia, baba."

"Siku nisipokuwapo, ni hapo. Mamako sikumwambia. Kakako sikumwambia." Akaniinamia, akanong'ona. "Kuna fundi mmoja yuaja hapa, ajifunika uso. Yule asijue."

"Hatajua, baba," nikamwambia, nikapiga stata.